Ubongo Wako Uko Nakuru, Hauko London

Kila Oktoba ikifika, wanaanza. Msee ameketi mbele ya taa ya duara, nyuma yake kuna mmea wa plastiki, anakuambia kwa sauti ya upole kwamba msimu wa giza umefika. Serotonini yako inashuka, anasema. Nunua taa maalum. Meza vitamini D. Amka saa kumi na moja alfajiri uoge maji baridi. Funga dopamini kwa siku saba. Na vijana wa Section 58, wa Free Area, wa Kaptembwo, watu ambao wamechomwa na jua tangu asubuhi wakitafuta kibarua, wanatikisa kichwa: aki hii ni mimi kabisa.

Giza gani, jamani?

Panda matatu ya Mogotio. Kabla hujamaliza njugu zako utapita bango la Ikweta. Ule mstari ni majirani zetu. Siku ndefu kuliko zote Nakuru na siku fupi kuliko zote Nakuru zinapishana kwa dakika chache tu, muda wa kuchemsha chai. Kinachosonga kidogo ni saa ya jua kuchomoza: mwanzo wa Novemba linatoka karibu nusu saa mapema kuliko katikati ya Februari. (Wengi hawaijui hii. Muulize makanga wa gari la kwanza, yeye anaijua bila kusoma jiografia.) Lakini mchana wenyewe unabaki kama saa 12 mwaka mzima. London mchana wa Desemba ni kama saa 8, na wa Juni unapita saa 16. Na kabla mtu wa London ya hapa kwetu hajaniingilia: nazungumzia ile ya Uingereza, sio yetu ya karibu na jaa la Gioto.

Sisemi huo ugonjwa ni hadithi. Daktari mmoja, Norman Rosenthal, alitoka Afrika Kusini akahamia Marekani miaka ya 1970, akashangaa mbona baridi ya huko ikiingia nguvu zinamwishia. Mwaka wa 1984 yeye na wenzake wakaandika kuhusu huzuni inayokuja na majira na kuondoka nayo. Iko na maelezo ya kueleweka: mwanga unaingia machoni, unafika sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoshika saa ya mwili, na hiyo ndiyo inaamua melatonini ya usingizi ianze lini na iishe lini. Mwanga ukipotea kwa miezi minne, saa inachanganyikiwa. Mtu wa Stockholm akinunua taa, anajua anachofanya. Lakini wewe ukitoka nje saa nne asubuhi pale Kenyatta Avenue, uko chini ya mwanga mwingi kuliko taa yoyote watakayokuuzia. Bure.

Sasa mbona nakasirikia taa? Kwa sababu mtu akikupa jina la ugonjwa usio wako, utatafuta dawa isiyo yako. Utaoga hayo maji baridi mwezi mzima, halafu stresi itakuwa pale pale, na utaamini kwamba wewe ndiye umeshindwa. Nimeona mabeste wakijichukia namna hiyo. Na kusema ukweli, maji baridi mtaani kwetu hayajawahi kuwa mbinu ya afya. Ndiyo maji yaliyoko, na yakija siku mbili kwa wiki tunashukuru. Mathe wa mboga wa soko la Wakulima naye amekuwa akiamka saa tisa usiku kwa miaka ishirini. Kama siri ya amani ilikuwa kuamka mapema, yeye angekuwa ameshafungua hoteli.

Majira yetu tunayajua kwa majina mengine. Kuna Njaanuari. Shule zinafunguliwa, kodi inadaiwa, Fuliza imejaa mpaka shingoni, na kila mtu kwenye familia anakumbuka kwamba wewe uko na simu. Kuna Februari ya Naivasha, ambapo mapenzi ya Ulaya yanageuka kuwa masaa ya ziada ya mtu anayekata waridi kwenye nyumba za plastiki ili lifike Uholanzi kabla ya tarehe 14. Kuna Machi mpaka Mei, mvua ndefu: mkulima wa Njoro na wa Molo anaangalia juu akiuliza kama itakuja, na mtu wa mtaa wa chini anaangalia juu akiomba isije nyingi. Kuna Julai, baridi ya Molo na Mau inayoingia kwenye mifupa, katikati ya muhula wa pili ambao kila mwanafunzi wa bweni anaujua kwa ubaya wake. Kuna Oktoba na Novemba, mitihani. Halafu kuna ule msimu unaokuja mara moja kwa miaka mitano, ambao hauko kwenye kalenda ya mtu wa taa ya duara. Huo nitaufikia.

Hebu tuongee sayansi yenyewe, kwa sababu sayansi iko upande wetu kuliko unavyodhani.

Mwaka wa 2013 watafiti watatu, Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer, walitoa utafiti uliofanywa hapa hapa Kenya. Walipima kortisoli ya wakulima. Kortisoli ni ile homoni ya hatari: ubongo ukiona kuna shida, unatuma ujumbe hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, na tezi zinamwaga kortisoli kwenye damu ili sukari ipatikane haraka na mwili uwe tayari. Walichopata ni hiki: mwaka uliotangulia ukiwa wa mvua kidogo, kortisoli ya wakulima ilikuwa juu zaidi. Na waliokuwa na shamba peke yake, bila kitu kingine cha kuingiza pesa, ndio walioumia zaidi. Wasiokuwa wakulima hawakuonyesha hiyo athari.

Soma tena hapo. Mvua ikikosa, inaonekana ndani ya mwili wa mtu. Guka anayesimama mlangoni akiangalia mawingu hafikirii tu. Mwili wake unapiga hesabu ya gunia, ya mbolea, ya karo, na unazilipia hizo hesabu kwa homoni. Ukikumbuka kwamba mwaka wa 2024 wakulima waliuziwa mbolea feki kwenye mpango wa ruzuku, kesi ikafika hadi Bungeni, utaelewa kwamba kuna watu walimwaga stresi kwenye mashamba ya wengine kwa gunia.

Mwaka huo huo wa 2013, kwenye jarida la Science, watafiti wengine waliandika kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Walimpima mkulima yule yule mara mbili: kabla ya mavuno, akiwa amesota, na baada ya mavuno, akiwa na doo. Kabla ya mavuno alifanya vibaya zaidi kwenye maswali ya kufikiri. Mtu yule yule! Hakuenda shule katikati, hakumeza kidonge, hakubadilisha mtazamo. Alilipwa tu.

Kwa hivyo wewe ambaye Njaanuari unasahau ulichotumwa dukani, unajibu mathe vibaya, unasoma ukurasa mmoja mara tano na hakuna kinachoingia, usikubali mtu akuambie ni uvivu. Kichwa chako kina kazi nyingine ambayo hukuiomba. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopanga, inayosubiri, inayokuzuia usimtukane mwenye nyumba. Stresi ikizidi, hiyo ndiyo inayolegea kwanza. Amigdala, kile kipande cha ndani kinachonusa hatari, kinapandisha sauti. Na hipokampasi, mahali kumbukumbu mpya zinapotengenezwa, imejaa vipokezi vya kortisoli, kwa hivyo ikikaa kwenye kortisoli miezi na miezi inachoka. Hii mashine ni nzuri sana kama shida ni ya dakika tatu. Robert Sapolsky, mwanasayansi Mmarekani, aliandika kitabu kizima mwaka wa 1994 akieleza ni kwa nini punda milia hapati vidonda vya tumbo. Ukienda mbuga ya Ziwa Nakuru utaelewa kwa macho: simba akimkimbiza punda milia, dakika chache baadaye ama ameliwa ama amerudi kwenye nyasi na mambo yameisha. Punda milia hana karo ya muhula wa pili.

Sasa huyu Sapolsky hakuyajua haya kutoka kwenye maabara ya Marekani peke yake. Aliyasomea kwetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akija Maasai Mara kila mwaka, anawapiga nyani sindano ya usingizi kwa bomba la kupuliza, anatoa damu, anapima. Aliona kwamba kwenye kundi lenye ngazi ya vyeo isiyoyumba, nyani wa cheo cha chini alikuwa na kortisoli ya juu hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Chakula kilikuwa cha kutosha. Simba walikuwa wachache. Kilichokuwa kinamla ni nyani wenzake. Dume mkubwa akishindwa vita anageuka anampiga dume wa katikati, wa katikati anampiga kijana, kijana anampiga jike, jike anampiga mtoto. Kama umewahi kufanya kazi chini ya meneja aliyetoka kugombezwa na bosi wake, unajua hiyo foleni.

Kisha ikatokea ajali. Katikati ya miaka ya 1980 kulikuwa na jaa la takataka la hoteli ya watalii, na madume wakali zaidi wa kundi moja walikuwa wakienda kulipigania. Jaa likawa na nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe. Wakali wote wakafa. Waliobaki ni majike na madume wapole. Kundi likatulia, na hali ya mwili ya wale wa chini ikabadilika: ile kortisoli ya kuonewa haikuonekana tena kama kwenye makundi mengine. Na miaka mingi baadaye, wakati hakuna hata dume mmoja wa zamani aliyebaki, madume wapya waliotoka nje walikuwa wakiingia na kujifunza upole wa hapo. Sapolsky na Lisa Share waliandika hayo mwaka wa 2004.

Na hata kabla ya huyo, hapo Gilgil, shamba la Kekopey, pale ambapo leo tunasimamisha gari kula nyama choma, Shirley Strum alikuwa amekaa na kundi la nyani tangu 1972. Naye aliona kwamba dume anayejua kutengeneza urafiki anafika mbali kuliko dume wa kupiga tu. Wakulima walipohamia maeneo hayo na nyani wakaanza kuwamalizia mahindi, mwaka wa 1984 aliwahamisha hadi Laikipia. Nyani wa Gilgil wamechangia sayansi ya dunia, na sisi tunawajua kwa kuiba ndizi tu.

Naleta habari ya nyani kwa sababu ndiyo inayowachoma wauzaji wa amani ya dakika tano. Wao wanakuambia stresi iko kichwani mwako, kwa hivyo irekebishe kichwani mwako. Nyani wa Mara wanakuambia stresi iko kichwani mwako, ndiyo, lakini imewekwa hapo na anayekukalia. Hakuna nyani wa cheo cha chini aliyetulia kwa kuandika daftari la shukrani.

Tumalizane na dopamini haraka, maana hapa uongo ni mwingi na jibu ni fupi. Huwezi kufunga dopamini. Ikipungua kweli kweli kwenye ubongo, huo unaitwa ugonjwa wa Parkinson, na mtu anatetemeka na kushindwa kuanza hatua. Dopamini haikuwekwa kama zawadi ya raha. Wolfram Schultz aliwapima nyani wa maabara miaka ya 1990: juisi ikija bila kutarajiwa, seli za dopamini zinalipuka, wakishazoea kwamba taa inatangulia juisi, zinalipuka kwenye taa, juisi ikikosa, zinanyamaza. Ni kifaa cha kukisia. Na kinachokiwasha sana ni kitu ambacho huenda kikaja, huenda kisije.

Sasa fikiria kale kandege kanakopaa kwenye simu, namba zinapanda, na wewe unaamua uruke saa ngapi kabla hakajapotea. Aliyekatengeneza anajua ubongo wako kuliko huyo wa taa ya duara. Na anakutafuta Njaanuari, wakati sehemu ya mbele imelegea na unahitaji 2,000 kabla ya Ijumaa. Mtu akikuambia ufunge kutazama video ndiyo upone, na hasemi neno hata moja kuhusu kandege, muulize nani anamlipia matangazo.

"Kwa hivyo unasema tukae tu tungoje serikali?" Najua hilo swali linakuja. Hapana. Ziko mbinu ndogo zinazofanya kazi, na hazina bei. Kupumua ni moja. Ukitoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni unapunguza kasi ya moyo. Watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu hilo mwaka wa 2023, dakika 5 kwa siku, na wale waliovuta pumzi mbili na kutoa moja ndefu walisema hali yao ya moyo imekuwa afadhali. Unaweza kuifanya ndani ya matatu ukiwa umebanwa kati ya mizigo. Kutembea ni nyingine. Mwanga wa asubuhi ni mwingine, na tumeshasema ni bure. Fanya. Lakini zinakupa nguvu za kushika jembe, hazilimi shamba.

Kubwa kuliko zote ni usingizi, na hapa nina ugomvi na watu wazima.

Kijana wa miaka 16 melatonini yake inaanza kupanda usiku kuchelewa kuliko ya mtoto au ya mzee. Ni mwili, sio ukaidi. Anahitaji saa 8 hadi 10. Na ni usiku, akiwa amelala, ambapo hipokampasi inarudia ya mchana na kuyapanga ili yakae. Ukimnyima usingizi unampa masomo kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono mwingine. Sasa niambie ni shule ngapi za bweni kuanzia Naivasha mpaka Molo ambazo kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri, na Julai ile, na baridi ile. Na hii si sheria! Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo yaanze saa 2 asubuhi, na kwa shule za bweni muda wa kulala ni saa 3 na nusu usiku mpaka saa 12 asubuhi. Imeandikwa. Hesabu: saa 8 na nusu. Serikali ilishawapa watoto usingizi wao kwenye karatasi, watu wazima wakaubeba wakaenda nao, wakiufuata ubora wa alama.

Kisha muhula wa pili shule zinawaka moto na tunauliza watoto wa siku hizi wana nini. Mwaka wa 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa nchini, nyingi katika muhula huo huo. Siwatetei waliowasha. Watu wamekufa kwenye mabweni nchi hii na hakuna msamaha wa hilo. Lakini ukichukua vijana mia nane, uwanyime usingizi, uwapimishe mitihani ya majaribio kila wiki, uwafungie mbali na mtu yeyote wa kuongea naye, halafu ushangae kwamba sehemu ya mbele ya ubongo imelegea na amigdala imeshika usukani, wewe ndiye hukusoma biolojia.

Na wanaoweza kusaidia hawako mbali. Mwaka wa 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha majaribio ya Shamiri, kikundi kilichoanzishwa na Mkenya, Tom Osborn. Wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi. Vipindi 4, saa moja kwa wiki, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari, sio madaktari. Waliongea kuhusu kukua, shukrani, na mambo ambayo mtu anayathamini. Dalili zilishuka zaidi kuliko kwa wale waliofundishwa mbinu za kusoma. (Ndiyo, shukrani iko hapo ndani, na nimeicheka juu. Tofauti ni kwamba hapa kuna mtu mbele yako, kuna kundi, kuna mwenye umri kama wako anayekusikiza. Daftari peke yake halikusikizi.) Muulize mwalimu mkuu wako ni nini kinamzuia kutenga saa moja kwa wiki.

Kwa wale ambao imezidi stresi, mnajua mnajijua: mawazo ya kutokuwepo si aibu, na si kosa la jinai. Kwa miaka mingi Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na watu walinyamaza wakiogopa polisi kuliko ugonjwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nenda hospitali kuu ya Nakuru, ile wazee bado wanaiita PGH, uulize kliniki ya afya ya akili. Nenda na beste. Na wewe beste, ukiambiwa, usijibu "jikaze". Vaa viatu.

Sasa ule msimu wa miaka mitano. 1992, 1997, 2007. Kama unatoka Molo, Kuresoi, Njoro ama Naivasha, sihitaji kukueleza. Mwisho wa Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliwaka, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa mji wa mahema. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa hamjazaliwa ama mlikuwa mgongoni. Lakini mmewahi kuona mathe akibadilika mwaka wa kura? Anaweka unga wa ziada. Anauliza uko wapi mara sita kwa siku. Lori likipita usiku anaamka. Amigdala haisahau barabara iliyokimbiwa, na haihitaji ruhusa yako ili ikumbuke. Mwanasiasa anajua hivyo. Akisimama juu ya gari akataja kabila la jirani yako kwa mafumbo, anabonyeza kengele ambayo wenzake waliifunga vichwani mwa wazazi wetu, na anataka kuifunga kichwani mwako pia kabla ya Agosti 2027. Hakuna maji baridi ya kutibu hilo. Kuna kumzomea ashuke.

Nimeambiwa kwamba nikiongea hivi naingiza siasa kwenye afya. Lakini angalia mvua. Tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel pale Solai lilipasuka usiku, watu zaidi ya 40 wakafa. Tarehe 29 Aprili 2024, Mai Mahiu, maji yalishuka alfajiri yakabeba nyumba, tena zaidi ya 40. Kihoto ya Naivasha watu wamewahi kupanda mashua kwenda kutoa vitanda vyao. Mwariki, ziwa limemeza mashamba na nyumba za watu. Ukilala katika mitaa hiyo Aprili, usiku mvua ikipiga mabati na usingizi ukakataa, ubongo wako unafanya kazi yake vizuri kabisa. Ungekuwa mgonjwa kama ungelala fofofo. Kinachotakiwa kushushwa hapo ni maji, na maji yanashuka kwa mtaro, kwa kalvati iliyozibuliwa, kwa mtu wa kaunti anayekagua mabwawa ya watu binafsi kabla hayajajaa, na kwa familia kuhamishwa ikiwa bado hai.

Nimechora mwaka wangu kwenye karatasi moja, miezi 12, nikaandika kila mwezi ni nini kinanikaba na nani anakishikilia. Baadhi ni mimi: Desemba naweka doo kidogo kando kabla ya kununua viatu, Novemba nalala saa nne, na kandege nimekafuta. Mengine yana ofisi, yana mlango, yana jina la mtu tuliyempigia kura. MCA wa wadi yangu nimeshamwandikia mara mbili kuhusu mtaro wa nyuma ya shule ya msingi, uliojaa chupa na nepi tangu Agosti. Wiki ijayo tunaenda ofisini kwake vijana kumi na wawili, na koleo zetu, tumuulize kama atakuja nasi ama tuanze bila yeye.

Mvua ndefu inaanza Machi. Wa mtaa wenu uko aje?